Diploma Bila Mtihani: Faida ya Nani?

Tarehe 5 ya mwezi wa 11, mwaka 2024, watu wa Marekani walichagua Rais wao, na dunia nzima ilipata habari ile. Lakini siku ile ile, katika jimbo la Massachusetts (tunasema jimbo la serikali, si jimbo la askofu), watu walipiga kura juu ya jambo jingine ambalo halikusikika sana huku kwetu. Waliulizwa: Je, mwanafunzi wa sekondari aendelee kulazimishwa kushinda mtihani wa jimbo kabla ya kupewa diploma? Watu 59 hivi katika mia walijibu: Hapana. Basi sharti lililowashika wanafunzi tangu mwaka 2003 likaondolewa.

Labda msomaji atatuuliza: Mambo ya Massachusetts yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu mbili.

Ya kwanza: watoto wetu wako kule Marekani. Jamaa nyingi za Kivu zilizokimbia vita, zikakaa miaka na miaka katika kambi kama ile ya Nyarugusu huko Tanzania, zimepokelewa katika nchi ile, na watoto wao wameingia katika shule zake. Ya pili: neno linalosemwa leo kwa matajiri, kesho litasemwa kwetu. Sisi nasi tuna mtihani wetu wa Serikali tangu mwaka 1967, ule vijana wanaouita Exetat. Siku moja mtu atasimama katika mkutano na kusema: «Hata Wamarekani wameufuta, tufute na sisi.» Yafaa tujue mapema tutamjibu nini.

Nasi tunasema wazi tangu mwanzo. Watu wa Massachusetts waliona kosa la kweli, lakini walilitengeneza kwa kosa jingine. Mtihani ule uliwaumiza watoto fulani, hilo hatulikani. Lakini kuondoa kipimo cha wote bila kuweka kingine mahali pake, ni kumnyang'anya mtoto wa maskini silaha yake. Mtoto wa tajiri hapotezi kitu.

MTIHANI ULITOKA WAPI?

Watu wengi wanafikiri mtihani wa pamoja ulibuniwa ili kuwafunga watoto mlango. Sivyo. Jimbo lile lile la Massachusetts ni shahidi.

Zamani katika mji wa Boston, wakubwa wa shule walikuwa wakija darasani mara moja kwa mwaka. Waliwauliza watoto maswali machache kwa mdomo, wakasikiliza majibu, wakasifu, wakaenda zao. Huyu aliulizwa neno jepesi, yule neno gumu. Mwalimu alijua ni mtoto gani wa kumsimamisha mbele ya wageni. Mwaka 1845 kamati ya shule za Boston, ikisaidiwa na Horace Mann, katibu wa elimu wa jimbo, ilileta karatasi zilizopigwa chapa. Wanafunzi wote walipewa maswali yale yale, kwa muda ule ule, wakajibu kwa kuandika. Matokeo yalikuwa mabaya, hata katika shule zilizosifiwa. Ni nani waliokasirika? Si watoto. Walimu wakuu ndio waliokasirika, kwa maana siku ile si watoto peke yao waliopimwa, bali na wao wenyewe.

Tuje karibu zaidi. Katika mwaka 1993 wanafunzi wa miji maskini ya jimbo lile, mji wa Brockton ukiwa mmojawapo, walishinda kesi yao mbele ya mahakama kuu ya jimbo. Mahakama ilisema kwamba ni wajibu wa jimbo kuwafundisha watoto wote, maskini kwa matajiri. Mwaka ule ule sheria mpya ikatungwa. Jimbo likaahidi kutia fedha nyingi katika shule za miji maskini, na shule zikatakiwa kuonyesha kwamba watoto wamejifunza kweli. Ndipo ulipozaliwa mtihani uitwao MCAS, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1998. Tangu mwaka 2003 mwanafunzi alipaswa kuushinda katika Kiingereza na hesabu ili apate diploma, na baadaye elimu ya sayansi ikaongezwa.

Tuone vizuri agano hili. Fedha upande mmoja, kipimo upande wa pili. Maskini aliambiwa: Tutakupa, nasi tutatazama kama ulichopewa kimemfikia mtoto wako. Je, hilo ni neno la kumdharau maskini? Sisi tunaona ni neno la kumheshimu.

Matunda yalionekana. Shule kubwa ya sekondari ya Brockton ina wanafunzi elfu kadhaa, na wengi ni wa jamaa zisizo na mali, tena wengi ni watoto wa wageni kutoka Haiti na visiwa vya Cape Verde. Mtihani ulipoanza, karibu robo tu yao walishinda. Aibu iliwashika walimu. Lakini hawakukaa kulia. Walikubaliana kwamba kusoma, kuandika, kusema na kufikiri vifundishwe katika kila somo, hata na mwalimu wa mazoezi ya mwili. Baada ya miaka kumi hivi shule ile ikasifiwa katika magazeti ya nchi nzima. Walimu walikuwa karibu wale wale, na watoto walikuwa wa mitaa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba ukweli ulikuwa umeandikwa mbele ya macho ya watu wote, na hapakuwa tena na mahali pa kuuficha. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

KOSA LA MTIHANI

Sasa tuwe waadilifu. Wale waliopiga kura ya kuuondoa mtihani hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na sababu, nasi tunapaswa kuzitaja.

Kila mwaka vijana kama 700, yaani karibu mmoja katika mia, walikosa diploma kwa ajili ya mtihani ule. Ni kweli waliruhusiwa kuurudia mara kadhaa. Lakini wengi wao walikuwa watoto wenye ulemavu, au wageni ambao hawajakijua Kiingereza vizuri.

Tufikiri juu ya mtoto wa kwetu. Amezaliwa kambini. Amesoma kwa Kiswahili na Kifaransa kidogo, darasani mna watoto mia. Anafika Marekani akiwa na miaka kumi na sita. Baada ya mwaka mmoja au miwili anawekewa karatasi ya Kiingereza mezani, karatasi ile ile anayopewa mtoto wa mwanasheria wa Boston. Katika hesabu palikuwa na karatasi ya Kispania pia, lakini ya Kiswahili hapana. Mtoto huyu labda anajua hesabu, ila hajaelewa swali. Akishindwa, anaambiwa: Wewe hukumaliza shule. Bila diploma hapati kazi nzuri, wala haingii chuo kwa urahisi. Hilo ni jambo la kuumiza moyo, wala hatutalitetea.

Katika zahanati zetu mama huleta mtoto wake kupimwa kilo. Mizani inasema: Mtoto huyu amekonda. Muuguzi mwema atafanya nini? Atampa uji, atamwita tena baada ya juma, atamfundisha mama. Kama akimwambia: «Mtoto wako amekonda, toka hapa!», huyo ni mkatili. Hilo ndilo lilikuwa kosa la mtihani wa Massachusetts kwa watoto wale 700. Uliwapima, ukawaona wamekonda, kisha ukawafukuza.

Lakini sikieni sasa dawa waliyoichagua. Hawakusema: Tumwondoe muuguzi mkatili, tulete uji. Walisema: Tuitupe mizani.

KILA SOKO NA KOPO LAKE

Ni kweli wanafunzi wa Massachusetts wanaendelea kuufanya mtihani, kwa kuwa sheria ya nchi nzima ya mwaka 2015 inataka wapimwe angalau mara moja katika sekondari. Lakini kwa diploma hauna nguvu tena. Ni kama mizani ambayo muuguzi haisomi.

Basi, ni nani anayesema sasa kwamba kijana amestahili diploma? Wilaya yake ya shule. Sheria mpya inataka wilaya yenyewe ithibitishe kwamba mwanafunzi amemaliza masomo yake vema na anajua yanayotakiwa na jimbo. Wilaya hizo ni mia tatu na zaidi, na kila moja ina desturi yake. Sheria ya jimbo yenyewe, mtihani ulipoondoka, haikubaki na masharti mengi ya lazima: historia ya nchi na uraia, na mazoezi ya mwili.

Kila mama anayekwenda sokoni anaelewa hatari yake. Unga unauzwa kwa kopo. Muuza mmoja ana kopo zima. Mwingine amelibonyeza kopo lake chini kidogo, huwezi kuona ukisimama mbele yake. Bei ni ile ile, na jina ni lile lile: kopo moja. Ukifika nyumbani ndipo unapojua. Diploma za wilaya mia tatu nazo zina jina moja. Lakini ndani yake mna unga kiasi gani?

Tena, ni nani anayepima? Mwenye kufundisha ndiye mwenye kupima. Mpishi akiulizwa kama chakula chake kimeiva, mnadhani atajibu nini? Hatuwatukani walimu, maana wengi ni watu wa kweli. Lakini mkubwa wa shule anasifiwa akitoa diploma nyingi, naye analaumiwa akitoa chache. Wazazi wanamsukuma, gazeti linamsukuma. Siku moja atalibonyeza kopo, polepole, kwa huruma kabisa, naye atafikiri ametenda jambo jema.

NANI ATALIPA?

Hapa ndipo tunapowauliza wale waliofurahi siku ya kura: Nani atalipa deni hili?

Mtoto wa tajiri hatalipa. Anaposoma katika mji wenye mali, watu wakisikia jina la shule yake wanatikisa kichwa kwa heshima. Baba yake ana rafiki katika kampuni. Mama yake anamlipia mwalimu wa nyumbani. Hahitaji karatasi ya jimbo kumshuhudia, kwani jina lake linamshuhudia.

Atakayelipa ni mtoto wa maskini. Yeye hana shahidi mwingine ila karatasi ile. Mtihani ulipokuwepo aliweza kusema: «Mimi nimetoka shule isiyojulikana, natamka Kiingereza kama mgeni, lakini nilijibu maswali yale yale aliyojibu mtoto wako, nikashinda.» Leo hawezi kusema hivyo. Mwenye kazi ataitazama diploma yake, atalitazama jina la mtaa wake, atasikia matamshi yake. Naye ataamua kwa mtaa na matamshi, si kwa diploma.

Je, tunabuni? Tazameni vyuo vikuu vya jimbo lile lile. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, vyuo vingi vikubwa viliacha kudai mtihani unaoitwa SAT kwa wanaotaka kuingia. Chuo cha MIT kilikuwa kimojawapo. Mwaka 2022 kiliurudisha. Kwa nini? Wakuu wake walieleza kwamba mtihani ule unawasaidia kuwatambua vijana hodari wa jamaa maskini, ambao shule zao hazina masomo ya juu ya kuonyesha akili zao. Katika mwezi wa 4 wa mwaka 2024 Harvard nayo iliurudisha. Vyuo hivi viwili viko katika jimbo la Massachusetts, katika mji mmoja wa Cambridge. Basi mwaka ule ule ambao chuo cha wakubwa kilirudi kwenye mizani, watu wa kawaida wa jimbo hilo waliitupa yao. Wenye akili na watafakari.

TUNAWAJIBU WAPINZANI

Wengine wanasema: «Mtihani unapima mali ya baba, si akili ya mtoto. Tazama, matajiri wanashinda, maskini wanashindwa.» Tunajibu: Ni kweli kwamba maskini wanashindwa zaidi. Lakini mizani haimkondeshi mtoto. Njaa ndiyo inayomkondesha. Ukiiondoa mizani, njaa inabaki, ila sasa hakuna anayeiona. Tena kila karatasi ya shule inafuata mali ya baba, pamoja na alama za mwalimu na sifa za mkuu wa shule. Mtihani una heri moja: unasema wazi ni watoto gani wameachwa nyuma, nao wazazi wanaweza kwenda nao mbele ya serikali wakidai haki yao.

Wengine wanasema: «Mtihani unamfanya mwalimu afundishe mtihani tu.» Hili lina ukweli. Mtihani mbaya unazaa mafundisho mabaya. Lakini dawa yake ni mtihani mzuri, wenye kudai mtoto aandike, aeleze, afikiri. Walimu wa Brockton hawakufundisha kukariri majibu, walifundisha kuandika. Na mwalimu ambaye hafundishi kitu mbele ya mtihani, atafundisha nini usipokuwepo?

Wengine wanasema: «Mwalimu anamjua mtoto kuliko karatasi.» Naam, anamjua zaidi. Ndiyo maana tunataka neno la mwalimu lisikilizwe pamoja na mtihani. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja. Kosa la zamani lilikuwa kuuacha mtihani ulinyamazishe neno la mwalimu. Kosa la sasa ni kumwacha mwalimu peke yake.

MARUDIO YA SAFARI

Massachusetts si peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yalikuwa na mtihani wa lazima kwa diploma. Siku hizi hayafiki 10. California iliuacha wake mwaka 2015, na hata walioshindwa miaka ya nyuma wakaruhusiwa kupewa diploma. New York ina mitihani yake iitwayo Regents, iliyoanza katika miaka ya 1860. Mwezi wa 11 wa mwaka 2024 baraza lake la elimu lilionyesha mpango wa kuiondoa kama sharti la diploma kuanzia mwaka wa shule wa 2027-2028.

Lakini Massachusetts inatufundisha jambo jingine. Gavana wake, Maura Healey, ambaye alikuwa amepinga kura ile, aliunda baraza mwezi wa 1 wa mwaka 2025 ili litafute kipimo kipya. Mwishoni mwa mwaka ule baraza lilitoa mapendekezo ya kwanza. Ndani yake mna nini? Mna mitihani ya jimbo mwishoni mwa masomo fulani, pamoja na kazi kubwa ambayo mwanafunzi ataitayarisha mwenyewe na kuionyesha. Angalieni: mwaka mmoja tu baada ya kuitupa mizani, wameanza kutafuta nyingine. Kwa nini hawakutafuta kwanza, kisha wakatupa? Mwenye busara habomoi nyumba ya zamani kabla hajajenga hata kibanda cha kulala. Na vijana wanaomaliza shule katika miaka hii ya katikati, ndio wanaolala nje.

NA SISI JE?

Ndugu wasomaji, tunaijua furaha ya Exetat. Siku matokeo yanapotangazwa, vijana wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, wanaimba njiani, mama wanapiga vigelegele. Furaha ile ina maana yake. Mtoto wa kijijini ameulizwa kama mtoto wa Kinshasa, naye amejibu. Kwa siku moja nchi nzima imemtazama kwa jicho moja.

Lakini tunayajua na magonjwa yake. Pakiwa na michango ya siri, pakiwa na majibu yanayopita katika simu usiku wa kuamkia mtihani, basi kopo letu nasi limebonyezwa. Mzazi anayemnunulia mwanawe majibu, amemnunulia diploma ya uongo. Tena amemwibia mtoto wa jirani aliyekesha na taa. Kama tukiendelea hivyo, hatutahitaji kura ya kuufuta mtihani wetu. Utakuwa umekufa wenyewe, utabaki jina.

Basi tunawaomba mambo matatu. Ninyi mlio na ndugu Marekani, waandikieni wasiridhike na diploma tu. Waulize shule: Mtoto wangu anajua nini? Anasoma Kiingereza cha darasa gani? Asiposhinda mtihani wa jimbo, wadai msaada, hata kama sheria haiwatishi tena. Karatasi nyepesi inafurahisha siku ya sherehe, lakini siku ya kazi itamwaibisha mtoto. Ninyi wazazi wa hapa, msinunue majibu, wala msinyamaze mkisikia yanauzwa. Ninyi walimu, msiogope kupimwa. Mtu aliyelima vizuri haogopi siku ya mavuno.

Na siku mtu atakaposimama na kusema, «Wamarekani wameufuta, tuufute na sisi», muulizeni neno moja tu: Utaweka nini mahali pake, na lini? Akiwa na jibu zuri, lenye kipimo kimoja kwa wote na msaada kwa walioshindwa, mketisheni mzungumze. Akiwa hana jibu, mjue kwamba wanawe wako katika shule isiyohitaji kupimwa.